Fungu la Mtoto Mwenye Ulemavu

Tarehe 20 Januari 2007 Jamhuri ya Rwanda ilitoa sheria mbili zilizofuatana kwa namba. Sheria Namba 01 ya mwaka huo ilihusu ulinzi wa watu wote wenye ulemavu. Sheria Namba 02 ilihusu ulinzi wa wapiganaji wa zamani waliopata ulemavu vitani. Sheria hizo mbili zilizaliwa siku moja, katika taifa moja lililokuwa limetoka katika maafa makubwa. Lakini mbele ya mgawaji wa fedha za umma hazikuwa na uzito mmoja. Historia ya tofauti hiyo inawahusu wanajeshi na polisi kuliko wanavyodhani, kwa kuwa wao wanajua vizuri maana ya kupimwa jeraha na kulipwa kwa kadiri ya jeraha hilo.

Mpiganaji wa zamani aliyepoteza miguu aliwekwa katika daraja lake. Kwa daraja hilo alipewa haki ya matibabu, na wale walioumia zaidi wakapewa makazi na posho. Mtoto aliyezaliwa bila kuona, au aliyepooza miguu akiwa na miaka mitatu, naye alipewa haki: sheria ilisema ana haki ya elimu inayolingana na hali yake. Tofauti ni kwamba haki ya yule wa kwanza ilikuja na fungu lake, na haki ya yule wa pili ikaachwa itafute fungu katika bajeti ya shule, ambako watoto wengine wote walikuwa wamekwisha kupanga foleni.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi mtu akilitazama kutoka mbali na mji mkuu, na katika Rwanda ni sehemu chache zilizo mbali na Kigali kama Rusizi. Wilaya hiyo iko pembe ya kusini-magharibi, katika eneo lililojulikana kama mkoa wa Cyangugu hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Ina sekta 18. Upande mmoja kuna Ziwa Kivu na mto Rusizi, na ng'ambo ya mto ni mji wa Bukavu katika Kongo. Kusini, katika bonde la Bugarama, mipaka ya Rwanda, Burundi na Kongo inakaribiana. Upande wa mashariki umefungwa na msitu wa Nyungwe, ambao basi la kwenda Huye hapana budi liupite. Mjini Kamembe, Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mpakani tangu zamani, hata kabla ya bunge la Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017.

Shule si jambo geni katika sehemu hizo. Misheni ya Mibilizi ilifunguliwa mwaka 1903, wakati Rwanda ilipokuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliingia nchini kutoka Kongo, na kikosi kimoja kilivuka mto papo hapo Cyangugu. Askari na wapagazi walipita kwa maelfu katika vita hivyo. Baadaye Wabelgiji walipokwisha kutulia katika utawala, walikabidhi kazi ya kusomesha watoto kwa misheni, na kuanzia mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa shule za misheni kwa makubaliano maalum. Huo ndio mwanzo wa desturi iliyodumu kwa muda mrefu: Kanisa linajenga na kufundisha, serikali inachangia.

Desturi hiyo iliwasaidia watoto wengi kupata kalamu. Hata hivyo ilikuwa na kasoro moja. Ruzuku ilifuata shule iliyokwisha kuwapo, na shule iliyokwisha kuwapo ilikuwa ya watoto wanaoweza kutembea hadi shuleni, kuona ubao na kusikia sauti ya mwalimu. Mtoto asiyeweza moja ya mambo hayo hakukatazwa kwa sheria yoyote. Hakuwamo tu katika hesabu. Alibaki nyumbani, akilinda moto na kuku, na jina lake halikuandikwa katika daftari lolote la serikali.

Katika nchi nyingi, milango ya elimu ya watu wenye ulemavu ilifunguliwa, au ilipanuliwa, na watu waliotoka vitani. Maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa vidole na wasioona yana asili katika mfumo wa nukta uliobuniwa na Charles Barbier, Mfaransa aliyepata kuwa afisa wa mizinga. Louis Braille, kijana asiyeona aliyesoma katika shule ya vipofu ya Paris, aliuchukua mfumo huo, akaurahisisha hadi nukta sita, na mwaka 1829 akautangaza kwa kitabu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Arthur Pearson, mwenye magazeti aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona, alifungua mjini London nyumba ya kuwafundisha kazi na kusoma askari waliopofuka vitani.

Afrika Mashariki nayo ina mfano wake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Jeshi la Wokovu, ambalo ni jeshi lisilobeba bunduki, lilijihusisha na askari wa Kiafrika waliorudi Kenya wakiwa wamepofuka. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1946, shule ya wasioona ya Thika, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake katika sehemu hii ya Afrika. Watoto walioingia hapo baadaye hawakupata kuona uwanja wa vita. Walinufaika na mlango uliofunguliwa na majeraha ya askari. Basi si ajabu kwamba mwanajeshi na mtoto mwenye ulemavu walikutana tena katika sheria mbili za mwaka 2007. Wamekuwa wakitembea pamoja kwa muda mrefu.

Katika Rwanda mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1960, miaka miwili kabla ya uhuru, mahali paitwapo Gatagara karibu na Nyanza. Padri Joseph Fraipont, Mbelgiji aliyejipa jina la Kinyarwanda la Ndagijimana na kuifanya Rwanda kuwa nchi yake, alianza kuwapokea watoto waliolemaa viungo. Wengi wao miguu yao ilikuwa imepoozeshwa na polio. Kituo chake kilikusanya chini ya paa moja matibabu, karakana ya kutengeneza magongo na viungo bandia, na darasa. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Mtoto aliyeletwa akitambaa alifundishwa kwanza kusimama, kisha kusoma, na watu wa kijiji chake walipomwona akirudi kwa miguu yake walianza kufikiri upya juu ya wengine waliofichwa majumbani. Padri Fraipont alifariki mwaka 1982. Kazi yake iliendelezwa na Mabruda wa Upendo, na baada ya muda matawi ya Gatagara yakawahudumia pia wasioona huko Rwamagana na viziwi huko Huye.

Lakini kwa mzazi wa Bugarama au wa Nkanka, Gatagara ilikuwa ng'ambo ya msitu. Kumpeleka mtoto asiyeweza kutembea katika safari kama hiyo kulihitaji nauli ya watu wawili, siku kadhaa za kuacha shamba, na moyo wa kumwacha mtoto bwenini kwa miezi. Mzazi mwenye mshahara angeweza. Mkulima wa mtama na mihogo, au mvuvi wa Kivu, angefikiri mara nyingi. Ng'ambo ya daraja, mjini Bukavu, kulikuwa na kituo cha Heri Kwetu kwa ajili ya walemavu, nacho kilikuwa chini ya Kanisa. Pande zote mbili za mto, basi, mtoto mwenye ulemavu alisoma kwa fadhila. Fadhila ni jambo jema na waliozitoa wanastahili heshima. Lakini fadhila haina orodha, haina kipimo, na mwenye shida hawezi kuidai.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na serikali nyingi za Afrika zilianza kuzungumza juu ya wajibu wao. Tanzania ilitunga sheria mbili za watu wenye ulemavu mwaka 1982, moja ya ajira na moja ya matunzo. Kenya ilianza kujenga vituo vya kuwapima watoto na kuwaelekeza shuleni mwaka 1984, na mwaka 1986 ikaanzisha chuo cha elimu maalum cha kufundisha walimu. Hatua hizo zilionyesha kwamba kazi ya kwanza ya serikali ni kumjua mtoto huyo na kuandaa mwalimu wake.

Kisha ukaja mwaka 1994. Kuanzia tarehe 7 hadi 10 Juni mwaka huo, wajumbe wa serikali 92 walikutana katika mji wa Salamanca nchini Hispania. Walitamka kwamba shule ya kawaida ndiyo inayopaswa kumpokea kila mtoto, na kwamba serikali zinapaswa kuitengea kazi hiyo fedha. Siku hizo hizo, Rwanda ilikuwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwezi huo huo wa Juni majeshi ya Ufaransa yaliingia nchini kwa kupitia Cyangugu, na mwezi wa Julai umati wa watu ulivuka mto kuelekea Bukavu. Wakati dunia ikiandika juu ya haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma, Rwanda ilikuwa ikiongeza idadi ya watoto wenye ulemavu kwa panga, kwa risasi na kwa mabomu ya kutegwa ardhini. Hujafa hujaumbika, wasema wahenga. Watoto waliolala wazima mwezi wa Machi waliamka mwezi wa Agosti bila mkono, bila mguu, bila macho.

Taifa lililobaki lilikuwa maskini kupita kiasi. Hazina ilikuwa tupu, walimu wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia, na madarasa hayakuwa na madirisha. Pamoja na hayo, mwaka 1998 serikali ilifanya jambo linalostahili kukumbukwa na kila mtu anayedai kwamba fedha hazipo. Kwa sheria ya Januari mwaka huo iliunda Mfuko wa kuwasaidia manusura wa mauaji ya kimbari wenye shida, na ikauwekea asilimia 5 ya mapato ya serikali ya kila mwaka. Mfuko huo ulilipia elimu ya makumi ya maelfu ya wanafunzi, pamoja na matibabu na makazi. Haukusubiri nchi itajirike. Fungu lilitajwa ndani ya sheria yenyewe, na kwa kuwa lilitajwa, lilipatikana. Mfuko huo uliendelea kwa jina lake hadi mwaka 2021, majukumu yake yalipohamishiwa wizara mpya ya umoja wa kitaifa.

Kwa wapiganaji nako kulikuwa na mpango. Tume ya kuwarejesha wapiganaji katika maisha ya kiraia iliundwa mwaka 1997, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwapima na kuwahudumia waliolemaa. Kwa hiyo ilipofika mwaka 2007, Sheria Namba 02 ilikuta njia imekwisha kulimwa: kulikuwa na orodha, kulikuwa na madaktari wa kupima, kulikuwa na ofisi ya kulipa. Hilo ndilo somo la kwanza la historia hii. Haki inayotangulizwa na orodha na fungu hufika. Haki inayotangulizwa na maneno peke yake hukaa njiani.

Watoto wa shule walikuwa na njia yao. Katiba ya mwaka 2003 ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu, na kwamba Dola ina wajibu wa kuchukua hatua za pekee ili kurahisisha elimu ya watu wenye ulemavu. Mwaka huo huo ada za shule za msingi zilifutwa. Mahali pa ada ya mzazi, serikali iliweka ruzuku kwa kila mwanafunzi, inayopelekwa shuleni kwa kuhesabu vichwa. Mwaka 2006 ruzuku hiyo ilikuwa faranga 2,500 kwa mtoto kwa mwaka, na baadaye ikapandishwa hadi 3,500. Watoto walifurika shuleni. Mwaka 2009 ulianza mpango wa elimu ya msingi ya miaka 9, ambao baadaye ulifikishwa miaka 12, na wananchi walijitolea katika kazi za umuganda kuchimba misingi na kusomba matofali ya madarasa mapya. Ulikuwa ushindi wa kweli, na Rusizi ilikuwa na sehemu yake katika ushindi huo.

Lakini kuhesabu vichwa kuna haki yake na kuna dhuluma yake. Kila mwanajeshi anaelewa jambo hili bila kuelezwa sana. Msimamizi wa bohari akiagizwa kugawa buti kwa usawa, naye akagawa buti za namba moja kwa kombania nzima, daftari lake litakuwa safi: askari 120, jozi 120. Lakini asubuhi ya mwendo mrefu, wenye miguu mikubwa watatembea peku, na wenye midogo watakuwa na malengelenge. Usawa wa daftari umekuwa udhaifu wa kikosi. Buti hugawiwa kwa kupima mguu, na hakuna anayesema kwamba mwenye mguu mkubwa amependelewa.

Faranga 3,500 zilimtosha kwa kadiri fulani mtoto anayehitaji chaki, kalamu na sehemu yake ya kitabu. Kwa mtoto asiyeona, kitabu kimoja cha kawaida kikiandikwa kwa nukta nundu huwa majuzuu kadhaa makubwa, na mashine ya kuandikia nukta hizo inanunuliwa nje ya nchi kwa mamia ya dola. Mtoto kiziwi anahitaji mwalimu aliyejifunza lugha ya alama. Mtoto aliyepooza anahitaji kiti cha magurudumu, mteremko mlangoni badala ya ngazi, na choo anachoweza kuingia. Katika vilima vya Rusizi hata kiti chenyewe hakitoshi, kwa sababu njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni hupanda na kushuka, na mvua ikinyesha udongo huwa kama sabuni. Mwalimu mkuu aliyempokea mtoto huyo alipokea pia gharama ambayo ruzuku haikuijua. Aliyemkataa, hakupoteza kitu. Hapo ndipo sheria njema ilipoweza kushindwa bila mtu yeyote kuivunja.

Mwaka 2009, amri za mawaziri za kutekeleza Sheria Namba 01 zilitolewa. Moja iliwagawa watu wenye ulemavu katika madaraja 5 kwa kadiri ya uzito wa ulemavu wao, ikianzia na wale wa asilimia 90 hadi 100. Hii ilikuwa hatua kubwa, kwani sasa raia wa kawaida aliweza kupimwa kama mpiganaji alivyopimwa. Desemba 2008 nchi ilikuwa imekwisha kujiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2011 liliundwa kwa sheria Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, lenye wawakilishi hadi ngazi za chini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 446,453 wenye ulemavu, wa umri wa miaka 5 na zaidi. Orodha ikapatikana, kipimo kikapatikana. Kilichobaki ni kuunganisha kipimo na malipo, ili daraja la mtoto lifuatwe na fungu lake hadi shuleni. Kupima bila kulipa ni sawa na kumwandikia mgonjwa dawa katika duka lililofungwa.

Mwezi wa Julai 2007 Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa majirani zake wa Jumuiya kuna mifano ya kujifunza, ya kuiga na ya kujihadhari. Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, iliweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto, na juu yake ikaongeza shilingi 2,000 kwa kila mtoto mwenye mahitaji maalum. Hesabu hiyo ilikubali ukweli kwamba vichwa havilingani kwa gharama. Hata hivyo, nyongeza iliyo sawa kwa nchi nzima haikuzitazama shule za kaskazini, katika nchi kame za Garissa, Wajir na Mandera, ambako wafugaji huhama na maji, kijiji kimoja kiko mbali sana na kingine, na mtoto asiyetembea hawezi kusoma bila bweni. Tangu miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilikuwa imejenga huko shule za bweni za gharama nafuu kwa sababu ilitambua kuwa jangwa lina bei yake. Sababu hiyo hiyo inafaa vilima vya Rusizi: umbali nao ni sehemu ya ulemavu, na ruzuku isiyopima umbali imepima nusu.

Uganda ilianza mapema zaidi. Elimu ya msingi kwa wote ilipozinduliwa mwaka 1997, serikali iliahidi kuwalipia watoto wanne wa kila familia, na miongoni mwao mtoto mwenye ulemavu apewe nafasi ya kwanza. Kwa tamko hilo moja, wazazi waliokuwa wakimficha mtoto walipata sababu ya kumtoa nje. Mwaka 2006 sheria ya nchi hiyo ilitaja kwamba si chini ya asilimia 10 ya matumizi ya elimu yatengwe kwa mahitaji ya watu wenye ulemavu. Mwaka huo huo ndio silaha zilipoanza kunyamaza kaskazini mwa Uganda, baada ya takriban miaka 20 ya vita vya kundi la Lord's Resistance Army vilivyoacha watoto wengi wenye majeraha na shule nyingi zilizobomoka. Kama pangekuwa na mahali pa kuanzia kutumia asilimia hizo 10, ni huko. Lakini fedha zilizotengwa hazikukaribia kiwango hicho, na sheria yenyewe ilifutwa na nyingine mwaka 2020. Mfano wa Uganda unafundisha kwamba hata kutaja fungu katika sheria hakutoshi, ikiwa hakuna anayeulizwa kila mwaka fungu hilo limekwenda wapi.

Mwaka 2018 Rwanda ilitoa sera mpya ya elimu maalum na elimu jumuishi, kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2007. Lengo lake ni kwamba mtoto wa Bugarama asilazimike kuvuka msitu ili asome, na shule iliyo karibu na kwao iwe tayari kumpokea. Ni lengo lililo sahihi. Lakini shule ya karibu haiwi tayari kwa kutangazwa kuwa tayari. Huwa tayari inapokuwa na mwalimu aliyefundishwa, mlango unaopitika, kitabu kinachosomeka kwa vidole, na faranga zinazofuata mahitaji ya mtoto. Kinyume cha hayo, mtoto huwekwa nyuma ya darasa la wenzake hamsini au sitini, akihesabiwa kila asubuhi kuwa yupo, na jioni akirudi nyumbani bila kujifunza kitu.

Wapo wanaouliza kama nchi yenye mahitaji mengi inaweza kubeba mzigo huo. Jibu lake liko katika historia ya nchi yenyewe. Taifa lililotenga asilimia 5 ya mapato yake kwa manusura mwaka 1998, likiwa bado linazika wafu wake, lilionyesha kwamba umaskini haulizuii taifa kupanga lipi litangulie. Mtoto asiyesoma nao ni mzigo, tena wa miaka mingi, kwa kuwa atalishwa na wengine hadi uzee. Na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walimu wasioona, mafundi viziwi na makarani wanaotembea kwa magongo wako leo katika nchi zote za Afrika Mashariki, na kila mmoja wao ni ushahidi wa fungu ambalo mtu fulani, wakati fulani, alikubali kulitoa.

Askari na polisi wana nafasi yao katika kazi hii. Polisi wa kituo cha mpakani au cha sekta huingia katika nyua ambazo mkaguzi wa shule hafiki. Yeye ndiye anayekuta mtoto aliyefungiwa chumbani kwa aibu ya wazazi, na neno lake kwa kiongozi wa kijiji linaweza kumwingiza mtoto huyo katika orodha. Mwanajeshi anayeshiriki umuganda wa kujenga darasa anaweza kuuliza swali dogo kabla saruji haijakauka: je, mlango huu una mteremko, au una ngazi? Mteremko ukijengwa pamoja na jengo, gharama yake ni ndogo. Ukisubiri hadi mtoto afike na kiti chake, huwa ombi, na ombi huandikiwa barua, na barua husubiri bajeti ya mwaka ujao.

Tena kuna jambo la heshima. Mpiganaji aliyelemaa anapopokea posho yake, hapokei sadaka. Anapokea deni ambalo taifa linamlipa kwa kuwa lilimtuma. Mtoto mwenye ulemavu hakutumwa na mtu vitani, lakini taifa limemwahidi kwa katiba, kwa sheria na kwa mkataba wa kimataifa kwamba atasoma. Ahadi ni deni. Sheria Namba 01 na Sheria Namba 02 zilitiwa saini siku moja. Siku fungu la kwanza litakapofika shuleni kwa kipimo kile kile cha uangalifu kinachotumika kwa fungu la pili, mtoto wa Rusizi ataweza kwenda darasani asubuhi kwa njia ya kwao, akarudi jioni akiwa amejifunza kusoma.